Kama Odundo Ni Wetu, Basi na Mama wa Vyungu Ni Wetu

Kila jina la Magdalene Odundo likitajwa huko majuu, sisi Wakenya tunamwaga bendera. Wetu huyo! Alipopewa cheo cha Dame kule Uingereza mwaka wa 2020, ambacho ni kama kuitwa Sir lakini kwa mwanamke, tulisherehekea kama sisi ndio tumepewa. Chungu chake kikiuzwa mnadani kwa mamia ya maelfu ya pauni, tunatoa simu, tunapiga hesabu ya shilingi, tunashika kichwa.

Halafu Jumamosi mtu huyo huyo wa bendera anasimamisha gari kando ya barabara. Anainua chungu, anakigonga na kidole asikie kama kina ufa, anaambiwa mia tano. Anasema, "Ah, mathe, si ni udongo tu? Shika mia mbili."

Hapo ndipo mimi na nyinyi tunakosana.

Wacha niseme msimamo wangu mapema, ndio ukitaka kuondoka uondoke kwa amani. Kazi ya Odundo imesimama juu ya akili ya wanawake wafinyanzi ambao wengi wao hawakuwa na karatasi yoyote. Yeye mwenyewe amelizungumzia hilo waziwazi miaka yote. Sisi ndio tunaliruka. Na mpaka tuwape hao wanawake bei, jina na nafasi ya kufundisha, hii "Odundo ni wetu" itabaki kelele ya mtandaoni.

Kwa wale hawamjui, nitaenda haraka. Magdalene Anyango Namakhiya Odundo alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950. Utotoni alisoma India na hapa Kenya. Baadaye akaingia Kabete, chuo ambacho leo tunakiita Kabete National Polytechnic, akasomea uchoraji wa kibiashara. Yaani alianza karibu na mahali wengi wetu watengeneza kontenti tuko: unachora kitu ili mtu mwingine atake kununua kitu. Mwaka wa 1971 akaenda Cambridge, Uingereza, kuendelea na masomo ya sanaa, na huko ndiko alikokutana na udongo.

Hebu fikiria hiyo. Msichana ametoka nchi ambayo wamama wanafinyanga vyungu tangu enzi na enzi, anaenda kuanza ufinyanzi Uingereza. Lakini angalia alichofanya baada ya hapo, maana ndicho kilichomfanya awe Odundo.

Mwaka wa 1974 na 1975 alisafiri hadi Abuja, Nigeria. Usifikirie Abuja ya sasa ya maghorofa. Ulikuwa mji mdogo, leo unaitwa Suleja, kwa sababu jina lake lilichukuliwa likapewa mji mkuu mpya. Hapo kulikuwa na kituo cha mafunzo ya ufinyanzi kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Mwingereza mmoja, Michael Cardew. Kwa karatasi, Cardew ndiye mwalimu na Waafrika ndio wanafunzi.

Sasa sikia habari ya mmoja wa hao "wanafunzi." Anaitwa Ladi Kwali, mwanamke wa Wagbagyi kutoka kijiji cha Kwali. Alifundishwa kufinyanga na shangazi yake akiwa mtoto. Kabla Cardew hajamjua, mitungi yake ilikuwa tayari imekaa kwenye jumba la Emir wa Abuja, na huko ndiko Cardew alikoiona akabaki mdomo wazi. Mwaka wa 1954 Ladi Kwali akaingia kwenye kile kituo, mwanamke wa kwanza kuingia. Swali langu ni dogo tu: hapo nani alikuwa anamfunza nani?

Wafinyanzi wa kwao hawatumii gurudumu la kuzungusha. Chungu kinakaa tuli na mwanamke ndiye anakizunguka, anarudi nyuma hatua kwa hatua, mkono mmoja ndani na mwingine nje, akiuvuta udongo upande. Ukuta ukifika mwisho wa udongo, anaongeza kamba nyingine ya udongo, anaishikisha, anaendelea kuzunguka. Chungu kinatoka mviringo safi na hakuna mashine iliyohusika. Ladi Kwali hakuwa na cheti cha shule, lakini mwaka wa 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Leo ukishika noti ya naira 20 ya Nigeria, igeuze nyuma: ni yeye, ameinama kwenye chungu chake. Sisi kwa pesa yetu hatujawahi kumweka mfinyanzi.

Odundo aliichukua mbinu hiyo ya mikono akakaa nayo. Alikuja Kenya pia akaangalia wanawake wa hapa wanavyofinyanga. Akaenda mpaka San Ildefonso, kijiji cha wenyeji wa asili kule New Mexico, Marekani, kinachojulikana kwa vyungu vyeusi vya Maria Martinez, kuona vile moto unavyoweza kuufanya udongo uwe mweusi na bado ung'ae. Hesabu mwenyewe: kusini mwa Sahara, kisha Marekani, na kila mahali mlango anaobisha ni wa wanawake waliofunzwa na mama na shangazi.

Shule hakuiacha, wacha niwe mkweli hapo. Alimaliza shahada Farnham mwaka wa 1976, akaongeza nyingine Royal College of Art, London, akamaliza 1982. Alikuwa profesa mwaka wa 2001, na mwaka wa 2018 akawa chansela wa University for the Creative Arts. Lakini kwenye maabara zote hizo, zenye magurudumu ya umeme na tanuri za kisasa, mikono yake iliendelea kufanya vile ilivyofunzwa Abuja: donge la udongo, ngumi katikati, vuta juu, ongeza kamba, kwangua na kipande cha kibuyu.

Sasa tuongee juu ya vyungu vyenyewe, kwa sababu watu wengi hupenda bei na hawajawahi kukiangalia chungu.

Chungu cha Odundo hakipiki wala hakiweki maji. Hakina maua yaliyochorwa. Hakina ule mng'aro wa kioo wa vikombe vya dukani. Kinang'aa kwa sababu amekipaka udongo laini kama uji, akakisugua, akakisugua tena, mpaka ngozi ikafunga. Halafu moto. Tanuri ikipata hewa ya kutosha, kinatoka chekundu cha kuelekea machungwa. Akikirudisha motoni na vipande vya mbao na kukinyima hewa, kinatoka cheusi. Kuna vingine vinatoka na rangi zote mbili, weusi umepanda begani kama moshi. Udongo ni ule ule.

Na umbo je? Lugha yetu ilishasema kitambo. Chungu kina mdomo. Kina shingo. Kina tumbo. Kina kitako. Hatukuanza kusema hivyo kwa bahati mbaya. Mtu aliangalia chungu akamwona mtu. Odundo ameishi miaka karibu hamsini ndani ya hayo maneno manne. Kuna chungu chake kina tumbo la mama wa miezi minane, limejaa na limetulia. Kuna kingine shingo imeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Kuna vyenye vinundu vidogo, ukitazama unaona kitovu, au mifupa ya uti wa mgongo wa mtu aliyeinama. Kuna vyenye shingo ndefu na mdomo uliofunguka kwa juu kama sinia, na hapo unakumbuka mitindo ya nywele ya wanawake wa Mangbetu, Kongo, waliokuwa wakizifunga nywele zipande na kupanuka nyuma ya kichwa.

Lakini uso hakuna. Hicho ndicho kilinikamata.

Fikiria unachokiona ukifungua simu asubuhi. Mwanamke anapimwa kwa uso, kwa kiuno, kwa ngozi. Huyu amezaa ameharibika. Yule amenenepa, huyu amekonda, huyu alikuwa mzuri 2019. Kuna wasee wanatengeneza pesa kwa kupanga wanawake kama nyanya kwenye meza, kubwa huku, ndogo kule. Kuna programu ya kukutoa tumbo kwa sekunde mbili.

Sasa simama mbele ya chungu cha Odundo, hata kama ni kwa picha. Hakuna uso wa kulinganisha na mwingine. Kuna mwili, na ule mwili umesimama juu ya kitako kidogo sana, unaona kama utaanguka, na hauanguki. Tumbo halijafichwa. Tumbo ndilo sababu ya chungu kuwa chungu! Ukiliondoa umebaki na bomba. Huwezi kuangalia kitu kama hicho halafu useme tumbo lililobeba limeharibika.

Watu wakisema Odundo "anachunguza uanamke kwa udongo," wengi wanasikia kitu cha kupendeza, cha kuweka kwenye kalenda ya siku ya wanawake. Mimi nasikia kitu kigumu zaidi. Nasikia mwanamke anasema mwili wangu umefanya kazi, na kazi hiyo ina akili. Na ukikubali hilo kuhusu chungu kilicho kwenye makumbusho, lazima ulikubali kuhusu mwanamke anayekifinyanga chungu cha maharagwe. Haiwezekani uheshimu tumbo la chungu halafu udharau mikono iliyolivuta.

Sasa turudi nyumbani. Ukitoka Kakamega kwenda Kisumu, unapita Ilesi. Vyungu vimepangwa kando ya lami, vya maua, vya maji, vya kupikia, vya mapambo. Ukishuka upande wa ziwa, kwa Waluo, kuna agulu za kila aina na dapi la maji ambalo shosh yako alikataa kulibadilisha na jagi la plastiki, na alikuwa sahihi, maana maji ya dapi hupoa bila stima. Maji yanapenya polepole kwenye ukuta, yanakauka kwa nje, yanachukua joto yakienda. Hiyo ni fizikia. Hakuna aliyemwita mwanafizikia.

Anayefinyanga hivi vitu anajua udongo wa mto gani unapasuka na wa mto gani unavumilia. Anajua kiasi cha mchanga au magae yaliyosagwa cha kuchanganya ili chungu kisilipuke motoni. Anajua siku ngapi za kukausha kivulini, na kwamba jua kali la saa saba litampasulia kazi ya wiki. Anachoma nje, kwa nyasi, kuni na mavi ya ng'ombe, bila kipima joto, kwa kuangalia tu rangi ya moto. Miaka ya 1980, jiko la Maendeleo lilipoanza kusambazwa ili kupunguza kuni na moshi jikoni, vikundi vya wanawake wa Magharibi vilikuwa kati ya waliofinyanga lile jiko lenyewe. Kitu kinachowaka moto ndani yake asubuhi na jioni, kila siku, na hakipasuki. Jaribu kukitengeneza wewe na digrii yako.

Na huyo mama, tukimposti, tunaandika nini? "Mama mchapakazi wa kijijini." Jina hana. Odundo ana majina manne na cheo juu yake, mama wa Ilesi ni mandhari.

Najua mtakachosema, kwa hivyo wacha nijibu kabisa.

Wa kwanza atasema, "Kwani unataka kutuambia kila chungu cha barabarani ni sawa na cha Odundo?" La. Odundo huketi na umbo moja miaka na miaka, anachora, anarudia, anatupa, tanuri inampasulia, anaanza upya. Vyungu vyake ni vichache kwa sababu hiyo. Mwaka wa 2019 alifanya maonyesho makubwa Wakefield, Uingereza, akaweka zaidi ya kazi hamsini zake pamoja na vitu vya kale vya Misri na Ugiriki na vyungu kutoka pembe nyingi za dunia, kuonyesha ametokea wapi. Mwaka wa 2022 alikuwa Venice, kwenye maonyesho ambayo wasanii wa dunia nzima huyaota. Kipaji chake ni chake. Lakini yeye, alipopewa ukumbi mzima wa kujisifu, aliujaza na walimu wake. Tofauti kati yake na mama wa Ilesi ipo: ni ya nafasi, muda na swali ambalo kila mmoja anamuuliza udongo. Mtu asinifanye niamini ni tofauti ya mwenye akili na asiye na akili.

Wa pili ataandika, "Eti mtu aliacha chuo anatufunza mambo ya elimu." Karibu, nilikuwa nakungoja. Ni kweli niliacha chuo mwaka wa pili, karo na kodi ya nyumba zilikuwa haziwezi kulala kitanda kimoja. Na sitamtumia Odundo kama bango la kuacha shule, kwa sababu yeye alisoma mpaka akawa chansela. Ila kuna kitu unakiona vizuri ukiwa nje ya geti: watu wanaacha kukuuliza unajua nini, wanaanza kukuuliza una nini mkononi. Nimekivaa hicho kiatu miaka michache tu. Wale wamama wamekivaa maisha yao yote, na wana ujuzi mara kumi ya wangu.

Wa tatu, na huyu namheshimu, atasema, "Wamama hawataki sifa zako, wanataka pesa." Sawasawa kabisa. Ndio maana naanza na bei.

Bei: acha kuomba punguzo la chungu. Kama uko na pesa ya kahawa ya mia nne, hauna sababu ya kumtoa mfinyanzi kutoka mia tano hadi mia mbili. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, yaani anayewatengenezea wengine vyombo, yeye anakula kwa kigae. Tunairudia hiyo methali kwenye insha kama kitu cha kuchekesha. Gae halikujileta kwenye mkeka wake. Ni sisi na mia mbili zetu.

Jina: ukimpiga picha, muulize anaitwa nani na kama anataka jina liandikwe. Akikubali, liandike, pamoja na kijiji na aliyemfundisha. Hii ni kwa watengeneza kontenti wenzangu hasa. Hoteli na mikahawa yenye vyungu vya kupendeza kwenye kona, na nyinyi pia. Mchoro wa ukutani una jina chini yake. Kwa nini chungu hakina?

Darasa: huu mtaala mpya una njia nzima ya sanaa na michezo kwenye sekondari ya juu. Vizuri. Nani atafundisha ufinyanzi huko? Mwalimu aliyeuona udongo kwa video? Kuna mfinyanzi anakaa kilomita mbili kutoka shuleni. Na nchi hii ilizindua mwaka wa 2024 sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa, ili fundi aliyejifunza kwa mikono apimwe na apewe cheti. Basi mfinyanzi naye apimwe, apewe cheti, alipwe kama mwalimu. Na anayempima awe mfinyanzi mwenzake, asiwe mtu wa tai ambaye hajawahi kuchomwa na tanuri.

Sisemi haya kwa sababu ya mapenzi ya mambo ya kale. Kuna saa inakimbia hapa. Wengi wa wanaojua huu udongo ni watu wazima, na mabinti wao wameona hesabu ya mia mbili wakaamua afadhali waende Nairobi wakatafute kazi ya duka. Siwalaumu, ningefanya hivyo hivyo. Lakini mama akizikwa na binti hakujifunza, hakuna kitabu utafungua ujue udongo wa ule mto ulichanganywaje. Udongo uwahi ungali maji.

Siku nyingine Odundo akipewa tuzo, mwaga bendera, mimi pia nitamwaga. Ila leo nataka kitu kingine kutoka kwako. Pigia mamako simu, au shangazi, au shosh kama bado yuko. Muulize ni nani alikuwa anafinyanga vyungu kijijini kwenu, na kama bado anafinyanga. Kama yuko, ukienda nyumbani mwezi ujao, pita kwake, nunua kimoja kwa bei atakayotaja, na uulize kama kuna msichana anamfundisha. Ukirudi, niambie alikujibu nini.